Kuzuia Makosa ya Watumiaji Wakati Mfumo wa Faili Unakaguliwa Chinichini

Ukaguzi wa chinichini ulibuniwa ili watu waendelee na kazi zao huku mfumo wa faili ukikaguliwa, na balaa huanzia hapohapo. Kompyuta inawaka, faili zinafunguka, hakuna skrini nyeusi yenye asilimia zinazopanda, basi mtumiaji haoni sababu ya kuwa mwangalifu. Ataizima, atachomoa diski, atajaza nafasi yote iliyobaki. Akiwa anajua kidogo mambo ya terminali, ataendesha amri nyingine ya ukarabati juu ya ile inayoendelea. Ukaguzi wenyewe ni nadra kuharibu data. Wanaoharibu ni wanaouingilia.

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa kompyuta au seva zinazotumiwa na watu wengine. Amri zilizomo zinahitaji ruhusa ya msimamizi mkuu, na majina kama `tank`, `/dev/vg0/data` na `/dev/sdb1` ni ya mfano tu.

Hatua ya 1: Tambua ni ukaguzi wa aina gani

Watu huuita kila ukaguzi kwa jina moja kisha wakashangaa kwa nini ushauri uliofaa kwenye seva moja umeleta hasara kwenye nyingine. Kuna makundi mawili makubwa.

Kundi la kwanza hukagua snapshoti, yaani hali ya mfumo wa faili kama ilivyokuwa sekunde fulani, huku mfumo wenyewe ukiendelea kuandikwa. FreeBSD ilileta utaratibu huu kwa UFS yenye soft updates katika toleo la 5.0, mwaka 2003. Kwenye Linux kuna `e2scrub` kwa ext4 iliyo juu ya LVM (tabaka linalogawa diski kuwa volumu). Windows ilipata `chkdsk /scan` kwa NTFS kuanzia Windows 8 na Server 2012. Uwezo wa kurekebisha unatofautiana sana: ule wa FreeBSD hurudisha bloku na inodi (rekodi za faili) zilizopotea na kusahihisha hesabu za viungo, ukikuta kubwa zaidi ya hapo unakuachia ukaguzi kamili wa diski iliyopachuliwa (iliyotenganishwa na mfumo ili isitumike). `e2scrub` hairekebishi chochote, huweka alama tu kwamba mfumo una kasoro. `chkdsk /scan` hurekebisha baadhi ya mambo papo hapo na kupanga foleni yaliyobaki yasubiri `/spotfix`.

Kundi la pili ni skrabu ya ZFS na Btrfs. Hii husoma kila bloku inayotumika na kuilinganisha na cheksamu yake (namba ya kuthibitisha kwamba haijabadilika). Ikikuta bloku mbovu na kuna nakala nyingine nzima kwenye diski pacha au RAIDZ (diski kadhaa za ZFS zinazolindana), huitengeneza yenyewe. Pasipo nakala ya pili, itakutajia faili iliyoharibika na kuishia hapo. Kumbuka pia kwamba skrabu ya Btrfs haikagui muundo mzima wa mfumo wa faili. Hukagua kama kilichoandikwa ndicho kinachosomeka.

macOS iko pembeni kidogo. `diskutil verifyVolume /` hukagua diski ya kuwashia ikiwa inatumika, na wakati huo Mac inaweza kuganda kabisa kwa dakika kadhaa. Haijafa. Anayebonyeza kitufe cha umeme wakati huo ndiye anayeleta tatizo jipya.

Kujua kama kuna ukaguzi unaoendelea sasa hivi:

```
zpool status
btrfs scrub status /data
systemctl list-units 'e2scrub*'
pgrep -lf fsck
```

Hatua ya 2: Hakikisha diski inaweza kuuhimili

Ukaguzi husoma sana. Diski iliyokwisha kuchoka inaweza kukata roho katikati ya usomaji huo, na lawama zikaenda kwa ukaguzi. Kwa hiyo angalia afya yake kwanza:

```
smartctl -H -A /dev/sdb
```

Kwenye diski za SATA tazama mistari mitatu: namba 5 (sekta zilizohamishwa), 197 (sekta zinazosubiri kuamuliwa) na 198 (sekta zisizosomeka). Namba 5 ikiwa na kiasi kidogo kisichopanda kwa miezi, unaweza kuishi nayo. Namba 197 ikiwa inapanda kati ya leo na kesho, usianzishe ukaguzi wa aina yoyote. Ipachue diski na utoe nakala kwanza:

```
ddrescue -n /dev/sdb picha.img ramani.map
```

`-n` huruka sehemu ngumu ili data inayosomeka kirahisi iokolewe mapema. Faili ya ramani ndiyo inayokuwezesha kurudi baadaye kujaribu zilizobaki. Hiyo `picha.img` iwe kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Ni jambo la wazi, ila watu wenye haraka hulisahau.

Cha pili ni nafasi ya snapshoti. `e2scrub` hutengeneza snapshoti ya MB 256 isipokuwa umebadilisha `snap_size_mb` ndani ya `/etc/e2scrub.conf`. Nafasi hiyo hutoka kwenye sehemu ya kundi la LVM ambayo haijagawiwa mtu, na unaiona hivi:

```
vgs -o vg_name,vg_free
```

Ukikuta sifuri, ukaguzi hautaanza kabisa, na kwa kuwa unaendeshwa na ratiba usiku, huenda hakuna aliyegundua kwa mwaka mzima. Ukikuta nafasi ipo, fikiria kiasi kinachoandikwa. Kila bloku inayobadilishwa kwenye volumu halisi, nakala yake ya zamani huhamishiwa kwanza kwenye snapshoti. Mtumiaji akinakili video ya GB 5 wakati huo, MB 256 zinajaa, LVM inaibatilisha snapshoti, na kila jaribio la kuisoma linarudisha hitilafu ya kusoma. Fundi anafungua logi, anaona hitilafu hizo, anatangaza kwamba diski imekufa. Diski ni nzima na data haijaguswa. Kilichokufa ni snapshoti. Kwenye seva yenye uandishi mwingi, pandisha `snap_size_mb` hadi 2048 au zaidi, na uache nafasi hiyo tupu kwenye kundi kwa makusudi.

Hatua ya 3: Panga muda, kisha funga njia ya kuzima

Usiweke ukaguzi saa ileile na nakala rudufu. Kazi zote mbili husoma diski nzima, zikigombania kichwa kimoja cha kusomea kila moja inachukua muda mrefu kuliko ingekuwa peke yake, na asubuhi watumiaji wanakuta ukaguzi bado unaendelea. `systemctl list-timers` itakuonyesha kilichopangwa tayari. Usambazaji mwingi wa Linux huja na ratiba zake za `e2scrub_all` au skrabu, na ni kawaida kumkuta msimamizi ameongeza ya kwake bila kujua ya kwanza ipo.

Kwenye FreeBSD, ukaguzi wa chinichini husubiri sekunde 60 baada ya mashine kuwaka. Hiyo maana yake unaanza wakati uleule watumiaji wanapofungua kila kitu kwa pamoja baada ya umeme kukatika. Uahirishe kwa kuweka namba hasi ndani ya `/etc/rc.conf`:

```
background_fsck="YES"
background_fsck_delay="-1"
```

Kisha ongeza kwenye `/etc/crontab`:

```
0 4 * * * root /etc/rc.d/bgfsck forcestart
```

Kuahirisha huku hakuna hatari kubwa. Soft updates hupanga uandishi kwa namna ambayo kinachobaki baada ya kuzimika ghafla ni nafasi iliyopotea, na nafasi iliyopotea inaweza kusubiri usiku. Angalizo kuhusu hiyo `4`: kwa cron, yaani ratiba ya mashine, ni saa 10 alfajiri kwa saa zetu, wala si saa 4 usiku. Tangazo likiandikwa saa ya Kiswahili na ratiba ikaandikwa saa ya mashine bila mtu kukokotoa, watu watajizuia kuzima kompyuta kwa saa sita zisizo na kitu, kisha wazizime ukaguzi unapoanza.

Kwenye Linux yenye systemd (programu inayosimamia huduma) unaweza kuzuia uzimaji wenyewe badala ya kutegemea busara ya mtu. Andika huduma kama hii kwa skrabu ya ZFS:

```
[Unit]
Description=Skrabu ya tank
ConditionACPower=true

[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/usr/bin/systemd-inhibit \
  --what=shutdown:sleep:handle-lid-switch \
  --who="Ukaguzi wa diski" \
  --why="tank inakaguliwa, usizime" \
  --mode=block /usr/sbin/zpool scrub -w tank
```

Hakikisha njia ya `zpool` kwa `command -v zpool`, maana si kila mfumo huiweka mahali pamoja. `-w` hufanya amri isubiri hadi skrabu iishe, na kizuizi hudumu muda wote amri inapoishi. Bila `-w` amri hurudi mara moja na kizuizi hufa nayo. Kwa Btrfs, kazi hiyohiyo hufanywa na `btrfs scrub start -B /data`. `ConditionACPower` huzuia kazi kuanza kwenye laptopi isiyochomekwa kwenye umeme.

Usiliache neno `handle-lid-switch`. Wengi huandika `shutdown:sleep` wakidhani wamemaliza. Lakini kwa mpangilio wa kawaida, mtu akifunika laptopi, systemd hupuuza kizuizi cha `sleep` na kuilaza mashine. Kizuizi cha kifuniko lazima kitajwe kwa jina lake.

Kizuizi hiki kina mipaka. Mwenye ruhusa ya msimamizi anaweza kulazimisha kwa `systemctl poweroff -i`, na hakuna programu inayozuia kidole kilichong'ang'ania kitufe cha umeme. Kwa seva zinazofikiwa kwa SSH, sakinisha `molly-guard` kwenye Debian na jamaa zake: mtu akiamuru kuzima, humtaka aandike jina la mashine kwanza. Huokoa sana pale fundi anapokuwa na madirisha manne yamefunguka na kuandika `reboot` kwenye lisilo lake.

Kwenye Windows, zuia usingizi kwa muda kwa `powercfg /change standby-timeout-ac 0`, na uandike mahali thamani ya zamani ili uirudishe.

Hatua ya 4: Toa tangazo linalosema la kufanya

Tangazo la kawaida husema "ukaguzi wa diski unaendelea, tafadhali subiri". Halifai. Mtumiaji anaona kwamba hana haja ya kusubiri, kwa kuwa kila kitu kinafanya kazi, hivyo analipuuza lote pamoja na sehemu iliyokuwa muhimu. Andika yanayoruhusiwa kabla ya yanayokatazwa, weka muda wa kuisha, na utaje ishara inayotisha lakini ni ya kawaida. Mfano, kwa ukaguzi uliopangwa kuanza saa 22 ya mashine:

```
UKAGUZI WA DISKI: leo saa 4 usiku hadi takriban saa 10 alfajiri.
Fungua, andika na hifadhi faili kama kawaida. Kasi itapungua.
Usizime wala kuwasha upya. Usichomoe diski ya nje.
Usinakili faili kubwa kuliko GB 1 hadi ukaguzi uishe.
Kompyuta ikiganda, subiri dakika 15. Ikiendelea, mpigie msimamizi.
Usibonyeze kitufe cha umeme.
```

Kwenye Linux na FreeBSD litume kwa `wall` na uliache kwenye `/etc/motd` kwa watakaoingia baadaye. Kwenye Windows kuna `msg *`, ingawa matoleo ya Home hayana.

Ule mstari wa kuganda una sababu yake. UFS inapotengeneza snapshoti, husimamisha uandishi wote kwa kitambo. Kwenye diski kubwa kitambo hicho kinaweza kuwa kirefu kiasi cha mtu kuamini mashine imekwama. Akibonyeza kitufe, mfumo wa faili unabaki mchafu tena. Mashine ikiwaka, ukaguzi unaanza tena, snapshoti inatengenezwa tena, uandishi unasimama tena, naye anabonyeza tena. Mzunguko huu unaweza kuendelea asubuhi nzima, na kila mzunguko una nafasi yake ya kuharibu kitu.

Hatua ya 5: Jifunze kusoma maendeleo kabla ya kuamua kwamba imekwama

Huu ni mfano wa matokeo ya `zpool status` skrabu inapoendelea:

```
3.10T scanned at 1.2G/s, 410G issued at 160M/s, 6.00T total
0B repaired, 6.67% done, 10:11:37 to go
```

Anayeuona mara ya kwanza husoma 3.10T kati ya 6.00T na kuahidi wenzake kwamba nusu imekwisha. Hapana. Tangu toleo la 0.8 la mwaka 2019, ZFS kwenye Linux hupitia metadata (taarifa za mahali data ilipo) kwanza na kupanga bloku kwa mfuatano wa mahali zilipo kwenye diski, na hatua hiyo huenda mbio. Usomaji halisi wa data ni ile `issued`: 410G kati ya 6.00T, ambayo ndiyo asilimia 6.67. Muda uliobaki nao hukokotolewa kutoka hapo. Hali ya kinyume ndiyo inayoumiza: `scanned` imefika mwisho, imesimama saa nyingi, na mtu anaikatisha skrabu iliyokuwa inaendelea vizuri kabisa.

Kanuni ya kutumia ni rahisi. Chukua vipimo viwili, dakika kumi kati yake. Kama `issued` imesogea hata kidogo, iache. Kama haijasogea, angalia `iostat -x 5`; diski yenye shughuli asilimia 100 huku ikisoma kidogo mno inahangaika na sekta mbovu, na `dmesg` itathibitisha kwa hitilafu za kusoma zenye jina la diski hiyo. Hapo rudi hatua ya 2. `chkdsk /r` nayo hukaa asilimia moja kwa muda mrefu, kwa kuwa husoma kila sekta ya diski na kuirudia isiyosomeka. Taa ya diski ikipepesa, inafanya kazi.

Ukilazimika kuupumzisha ukaguzi, upumzishe kwa amri yake:

Kwa ZFS tumia `zpool scrub -p tank`. Hali ya kupumzika huandikwa kwenye diski, kwa hiyo hata mashine ikiwashwa upya utaendelea ulipoishia ukiandika `zpool scrub tank`. Herufi ya kuogopa ni `-s`: hiyo hukatisha moja kwa moja, na skrabu ya saa tisa inaanza upya kutoka sifuri. Herufi hizi mbili zibandikwe karibu na skrini.

Kwa Btrfs, `btrfs scrub cancel /data` ikifuatwa baadaye na `btrfs scrub resume /data`. Jina linatisha lakini maendeleo hutunzwa.

Kwa `e2scrub`, simamisha huduma, kisha ondoa snapshoti iliyobaki kwa `e2scrub -r /dev/vg0/data`. Usiifute kwa `lvremove` ukiandika jina kwa mkono. Jina la snapshoti na la volumu halisi vinafanana mno, na `lvremove -f` haiulizi.

Kwa FreeBSD, usiguse kitu chochote ndani ya saraka ya `.snap` iwapo `pgrep -lf fsck` inarudisha jibu. Watumiaji wakiona faili kubwa humo, kubwa sawa na diski nzima, hukimbilia kuifuta ili kupata nafasi. Ukubwa huo ni wa kuonekana tu, faili ina mashimo na haichukui nafasi hiyo.

Hatua ya 6: Waondolee watu amri za hatari

Kosa baya kuliko yote ni kuendesha ukarabati wa kawaida kwenye mfumo wa faili uliopachikwa. Kerneli hushikilia sehemu kubwa ya metadata kwenye RAM. `e2fsck` ikiandika masahihisho moja kwa moja kwenye diski, kerneli haina habari. Baada ya sekunde chache inaandika toleo lake la zamani juu yake. Ni sawa na makarani wawili wanaojaza daftari moja la hesabu, kila mmoja akiamini yuko peke yake. Matoleo ya zamani ya `e2fsck` yalitoa onyo kali na kuuliza kabla ya kuendelea; ya siku hizi kwa kawaida hukataa yakikuta mfumo umepachikwa kwenye mashine hiyohiyo.

Wapo wanaojiona salama kwa `-n`, inayosoma bila kuandika. Kweli haiharibu, ila kwenye mfumo uliopachikwa matokeo yake hayaaminiki. Huruka jenali, yaani daftari la mabadiliko yasiyokamilika, na hukuta mambo nusunusu yanayofanana na kasoro. Microsoft nayo inatahadharisha hivyohivyo kuhusu `chkdsk` isiyo na vigezo kwenye diski inayotumika: inaweza kuripoti kasoro zisizokuwepo. Mtu akishaona orodha ya kasoro ishirini za uongo, hatua yake inayofuata ni ukarabati wa kweli. Afadhali asingeziona.

Dawa ni kuwapa mafundi wasaidizi skripti moja badala ya amri tupu:

```
#!/bin/sh
lengo="$1"
[ -b "$lengo" ] || { echo "Taja diski, mfano /dev/sdb1"; exit 2; }
if findmnt -n -S "$lengo" >/dev/null; then
  echo "$lengo imepachikwa sasa. Ipachue kwanza."
  exit 1
fi
exec e2fsck -f -n "$lengo"
```

Ihifadhi kama `/usr/local/sbin/kagua-diski`, na kwenye sudoers (orodha ya ruhusa za amri), kupitia `visudo`:

```
%mafundi ALL=(root) /usr/local/sbin/kagua-diski
```

Usijaribu njia ya kinyume, ya kuruhusu kila kitu na kukataza `e2fsck` kwa alama ya mshangao. Anayeruhusiwa kila kitu atainakili amri hiyohiyo kwa jina jingine na kupita.

Skripti hii ina upofu mmoja, na ni vyema kuujua. `findmnt` huona kilichopachikwa na mashine hii tu. Kama `/dev/vg0/wageni` ni diski ya mashine pepe inayofanya kazi, au ni diski ya mtandao ambayo seva nyingine imeipachika, jibu litakuwa "haijapachikwa". `e2fsck` yenyewe pia hujaribu kuifungua diski kwa upekee ili ijue kama inatumika, na hapa ulinzi huo hauoni kitu. Ndiyo maana skripti inaishia kwenye `-n`. Diski ya mashine pepe ikaguliwe kutoka ndani ya mashine hiyo, au baada ya kuizima. Faili za picha za QEMU nazo ziko vilevile: `qemu-img check -r` kwenye picha inayotumika inaweza kuiharibu kabisa.

Amri nyingine tatu zinazostahili kufungiwa:

`xfs_repair -L` hufuta logi ya XFS pamoja na mabadiliko yaliyokuwa yanasubiri ndani yake. `xfs_repair` ikikataa kwa sababu ya logi, pachika mfumo na uupachue tena ili logi ijichakate. `-L` ni kwa pale upachikaji wenyewe unaposhindikana.

`btrfs check --repair` haina uhusiano wowote na skrabu, ingawa watu huichukulia kama hatua inayofuata. Waandishi wa Btrfs wenyewe wanaonya isitumike bila ushauri wa anayejua. Skrabu ikitaja faili mbovu, kwa kawaida ni suala la kurudisha faili hiyo kutoka kwenye nakala rudufu.

`chkdsk /x` hulazimisha volumu kuachwa na programu zote. Kwenye seva ya hifadhidata maana yake ni kuikata hifadhidata katikati ya sentensi. Tumia `chkdsk D: /scan`, kisha panga dakika chache za `chkdsk D: /spotfix` baada ya kusimamisha huduma kwa utaratibu.

Hatua ya 7: Soma matokeo, na uandae kuwaka kunakofuata

Ukaguzi usiosomwa matokeo ni kelele za diski tu. `e2fsck` hurudisha namba: 0 hakuna kasoro, 1 zimerekebishwa, 2 zimerekebishwa na mashine iwashwe upya, 4 zimebaki, 8 ukaguzi wenyewe umeshindwa, 32 umekatishwa na mtumiaji. Namba hizi hujumlishwa, kwa hiyo 12 ni 4 na 8 kwa pamoja. Skripti inayouliza tu "je, si sifuri?" humtumia msimamizi onyo lilelile kwa 1 na kwa 4, na baada ya wiki tatu hakuna anayelifungua. Tenganisha.

Kwa ZFS, usiandike `zpool clear` kabla ya kunakili majina ya faili yaliyo chini ya `zpool status -v`. Rudisha faili hizo kutoka kwenye nakala rudufu, kisha endesha skrabu tena. Majina yanaweza kuendelea kuonekana baada ya skrabu ya kwanza na kuondoka baada ya ya pili, hivyo usimwambie mtu kwamba urejeshaji umeshindikana kwa sababu hiyo pekee.

Kwa Windows, `fsutil dirty query D:` hukuambia kama volumu imewekewa alama ya kukaguliwa mashine ikiwaka. Ukaguzi huo wa kuwaka hutanguliwa na sekunde chache ambazo kubonyeza kitufe chochote huuruka, na watumiaji huzigusa kibodi bila hata kusoma. `chkntfs /t:3` hupunguza muda huo. Unaweza kuweka 0, lakini hapo nawe huna njia ya kuukatisha ukaguzi wa saa kadhaa siku usiyoutaka.

Kwa `e2scrub`, kasoro ikipatikana mfumo wa faili huwekewa alama, na `tune2fs -l /dev/vg0/data | grep -i state` itakuonyesha. Ukaguzi kamili unatakiwa ufanyike mashine ikiwaka, na watumiaji watakaa mbele ya skrini isiyosogea. Kwa hiyo panga siku ya kuiwasha upya mwenyewe, wakiwa hawapo.

Kabla ya siku hiyo fungua `/etc/fstab` utazame safu ya sita. Diski ya mzizi iwe na 1, nyingine za ext4 ziwe na 2. Ukikuta 0 kwenye ext4, mashine itawaka, itaupachika mfumo huo wenye kasoro bila kuukagua, na `e2scrub` itarudi wiki ijayo kuweka alama ileile. XFS na Btrfs ziachie 0 yake, hazitegemei safu hiyo.

Mwisho kuna `lost+found` na, kwenye Windows, folda zilizofichwa zenye jina `FOUND.000`. Vipande vilivyokosa mwenyewe huwekwa humo, kwa majina kama `#48213` au `FILE0000.CHK`. Usiwape watumiaji ruhusa ya kuzifuta. Endesha `file lost+found/*` kujua kipi ni picha, kipi ni hati, kipi ni takataka, linganisha na kilichomo kwenye nakala rudufu, na zikae hapo angalau hadi mzunguko mmoja kamili wa nakala rudufu upite bila mtu kulalamika kwamba anakosa faili.